Kutoka Bagamoyo hadi Indianapolis: Ukoo wa Kiwanuka na Urithi wa Mlinzi wa Futiboli ya Kimarekani

1.0 Utangulizi

Mathias Kiwanuka alizaliwa Indianapolis, Marekani, mwaka 1983, kwa wazazi wenye asili ya Uganda. Kuanzia mwaka 2006 hadi 2014 aliichezea timu ya New York Giants katika futiboli ya Kimarekani, mchezo ambao mpira wenye umbo la yai hubebwa na kurushwa kwa mikono. Kazi yake kubwa ilikuwa ulinzi wa mstari wa mbele, yaani kuupenya ukuta wa wapinzani na kumwangusha mrusha mpira kabla hajaurusha. Anapotajwa nje ya uwanja, kwa kawaida huelezwa kuwa mjukuu wa waziri mkuu aliyeuawa na utawala wa Idi Amin. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini yanamkumbuka babu kwa kifo chake tu. Makala haya yanadai kuwa urithi wa mchezaji huyu hauwezi kupimwa vyema bila kueleza babu alisimamia nini, na kwamba maelezo hayo yanaanzia Bagamoyo.

2.0 Bagamoyo na Ukatoliki wa Buddu

Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni yao Bagamoyo mwaka 1868. Miaka kumi baadaye, Juni 1878, msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe uliondoka mjini humo ukifuata njia ile ile ya biashara ya pembe za ndovu na watumwa, kuelekea Tabora na Ziwa Viktoria. Wawili miongoni mwao, Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans, walifika Buganda Februari 1879. Baada ya vita vya kidini vya mwaka 1892, Wakatoliki wengi wa Buganda walikusanyika katika saza la Buddu, upande wa Masaka. Huko ndiko alikozaliwa Benedicto Kiwanuka mwaka 1922.

3.0 Babu: Mwanasheria na Jaji Mkuu

Benedicto alisomea sheria London, kisha akakiongoza chama cha Democratic Party, ambacho wafuasi wake wengi walikuwa Wakatoliki. Chama hicho kilishinda uchaguzi wa 1961, na Machi 1, 1962, Uganda ilipopata madaraka ya ndani, yeye akawa waziri mkuu wa kwanza. Uchaguzi wa Aprili mwaka huo ulimwondoa madarakani, na Milton Obote akashika nafasi yake. Mwaka 1969 serikali ya Obote ilimtia kizuizini. Amin alimwachia mwaka 1971, kisha akamteua kuwa Jaji Mkuu. Septemba 1972 Benedicto aliamuru aachiliwe Mwingereza mmoja aliyekamatwa na wanajeshi, akishikilia kwamba jeshi halikuwa na mamlaka ya kumkamata mtu. Septemba 21 alitolewa kwa nguvu katika Mahakama Kuu ya Kampala, wala hakurudi tena. Utawala huo uliangushwa Aprili 1979 na majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni.

4.0 Mjukuu Uwanjani

Mathias alisoma katika shule ya Kikatoliki ya Cathedral, Indianapolis, kisha Boston College, chuo cha Wajesuti. Alihitimu akiwa na rekodi ya chuo ya kuwaangusha warusha mpira mara 37.5, nusu huandikwa pale wachezaji wawili wanapomwangusha mmoja kwa pamoja. Giants walimchagua mwaka 2006 katika duru ya kwanza, akiwa wa 32.

Novemba mwaka huo, dhidi ya Tennessee Titans, alimshika mrusha mpira Vince Young, kisha akamwachia kwa kuhofia adhabu ya rafu. Young alikimbia na mpira, na Giants, waliokuwa wakiongoza 21–0, wakapoteza 24–21. Kosa hilo lingeweza kuwa ndilo jambo pekee analokumbukiwa. Mwaka uliofuata alihamishiwa mstari wa pili wa ulinzi, akavunjika mguu Novemba, na akaikosa fainali ya Februari 2008 ambayo timu yake ilishinda. Mwaka 2010 jeraha la shingo lilimweka nje karibu msimu mzima. Hata hivyo, Februari 5, 2012, alicheza fainali katika mji aliozaliwa, na Giants wakaishinda New England Patriots 21–17. Alimaliza uchezaji wake katika ligi hiyo akiwa na jumla ya 38.5.

5.0 Hitimisho

Si sahihi kudai kwamba ujasiri wa mahakamani ulirithiwa uwanjani. Jaji aliyetoa hukumu akijua hatari yake na mchezaji aliyerejea baada ya majeraha hawawezi kuwekwa kwenye mizani moja. Kinachoweza kuthibitishwa ni kidogo zaidi, lakini kina uzito: jina ambalo utawala wa Amin ulikusudia kulizima lilisikika tena mbele ya maelfu ya watazamaji. Kwa takwimu peke yake, Mathias alikuwa mlinzi mzuri katika kizazi chenye walinzi wengi wazuri. Upekee wake umo katika historia inayofuatana na jina hilo, nayo haianzi na Amin. Mwanahistoria wa pwani ana nafasi ya kuieleza, kwa kuwa sehemu yake ya kwanza ilipita Bagamoyo.