Safari ya ndege kati ya London na Sydney

Safari ya ndege kati ya London (Uingereza) na Sydney (Australia) ni mojawapo ya safari ndefu zaidi za abiria duniani. Umbali kwa njia fupi kabisa ni takriban kilomita 17,000, wakati nusu ya mzingo wa dunia ni kilomita 20,000 hivi. Miji mikubwa iliyo mbali zaidi na London ni michache, hasa ile ya New Zealand.

Kwa kawaida ndege hutua mara moja njiani, kwa mfano Singapore, Dubai au Doha, na safari nzima huchukua saa 22 hadi 24 au zaidi, kutegemea muda wa kusubiri. Saa za Sydney ziko mbele ya zile za London kwa saa 9 hadi 11 kufuatana na majira. Hivyo anayeondoka London Jumatatu usiku hufika Jumatano asubuhi, ingawa hakukaa safarini siku mbili kamili.

Historia

Wa kwanza kuruka kutoka Uingereza hadi Australia walikuwa ndugu Ross na Keith Smith pamoja na mafundi wawili. Waliondoka tarehe 12 Novemba 1919 kwa ndege ya Vickers Vimy wakatua Darwin tarehe 10 Desemba, wakapata zawadi ya pauni 10,000 iliyotolewa na serikali ya Australia. Huko Darwin walikuwa bado maelfu ya kilomita kabla ya kufika Sydney.

Tarehe 1 Desemba 1947 shirika la Qantas lilianza safari za Sydney hadi London kwa ndege za Lockheed Constellation. Njia hiyo ilipewa jina la "Njia ya Kangaruu", kwa kuwa ndege ilikwenda kwa kurukaruka: Darwin, Singapore, Kolkata, Karachi, Kairo na Tripoli. Ilichukua siku nne. Ndege ilibeba abiria 29 tu, na nauli ya kwenda na kurudi, pauni 585, wafanyakazi wa kawaida hawakuweza kuimudu.

Bila kutua

Tatizo ni uzito. Mafuta ya kutosha safari nzima ni mazito, na sehemu ya mafuta hayo huchomwa kwa kubeba mafuta mengine. Mwaka 1989 Boeing 747-400 ya Qantas iliruka kutoka London hadi Sydney bila kutua kwa saa 20 na dakika 9, lakini haikuwa na abiria wa kulipa. Mwaka 2019 Boeing 787-9 ilitumia saa 19 na dakika 19, nayo ikiwa na watu wachache. Tangu Machi 2018 abiria wanaweza kuruka moja kwa moja kati ya London na Perth, umbali wa kilomita 14,500 kwa saa 17 hivi, ila Perth iko magharibi mwa Australia na Sydney ni saa nyingine nne au zaidi.

Mwaka 2022 Qantas iliagiza ndege 12 za Airbus A350-1000 zenye tanki la ziada na viti 238 tu, kwa ajili ya kuunganisha Sydney na London na New York bila kutua.