Kutoka Msamvu Hadi Botini

Morogoro haina bahari, wala kiwanja chake kidogo cha ndege hakijawahi kuwa mlango wa abiria wa kila siku. Kwa hiyo mtu wa Uluguru anayekwenda Unguja hupita nchi kavu hadi pwani, kisha hupanda chombo cha majini. Historia ya safari hiyo imeandikwa zaidi na kile kipande kifupi kilicho kati ya mahali anaposhukia abiria na mahali anapopandia boti.

Katika karne ya 19 kipande hicho hakikuwapo. Msafara ulikomea Bagamoyo, na majahazi ya kuvukia Unguja yalitia nanga hapohapo ufukweni. Njia za bara zilipita chini ya milima ya Uluguru: wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipitia Zungomero mwaka 1857, na Stanley akapitia Simbamwene mwaka 1871, mji ulioanzishwa na chifu Kisabengo na uliozungushiwa ukuta wa mawe wenye minara kwenye pembe zake. Ndio mji uliotangulia Morogoro ya leo. Ugumu ulikuwa njiani. Stanley alihesabu maili 119 kutoka Bagamoyo hadi Simbamwene, hatua 14 za msafara, lakini masika ilimfanya atumie siku 29. Kwa mpagazi aliyebeba mzigo begani kwenye matope ya bonde la Ruvu, kuona bahari ilikuwa ndiyo kufika.

Reli iliihamisha safari hiyo. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, na mwaka 1907 ikafika Morogoro. Bagamoyo iliachwa pembeni, na biashara yake ya misafara ikafa. Abiria sasa alikwenda kwa saa badala ya wiki. Kilichomfaa zaidi ni kwamba reli ilikuwa imejengwa kwa ajili ya bandari: stesheni ya Dar es Salaam ilikuwa jirani na maji, na aliyeshuka na kikapu chake angeweza kutembea hadi kwenye chombo. Mpango huo ulifanywa kwa faida ya pamba na katani, lakini msafiri wa kawaida alinufaika nao kwa miaka mingi.

Msamvu, mjini Morogoro, ilipata umuhimu wake kutokana na barabara. Hapo ndipo njia itokayo Dar es Salaam hugawanyika, moja ikielekea Dodoma na nyingine Iringa. Baada ya Rhodesia ya Kusini kujitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ilihitaji njia nyingine ya kwenda baharini, na barabara ya kutoka bandari ya Dar es Salaam ikawa uti wa mgongo wake. Malori yaliongezeka, mabasi yakafuata, na njia panda ikageuka stendi kubwa ya mkoa. Barabara hiyohiyo ilileta msiba: tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka na kulipuka karibu na Msamvu, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha.

Basi lilishinda treni kwa wingi wa safari, kwani mtu aliweza kuondoka karibu saa yoyote. Lakini lilianza kumweka abiria mbali na bahari. Mabasi ya mikoani yalipokuwa yakiishia Kisutu, bandari ilikuwa mwendo wa dakika chache tu kwa miguu. Kisha stendi ikahamia Ubungo, na mwaka 2021 ikahamia tena Mbezi Luis, kilomita zipatazo 20 kutoka katikati ya jiji. Kuhamisha stendi kulipunguza foleni za mabasi makubwa mjini, na hoja hiyo ilikuwa na uzito. Gharama ilimwangukia aliyepaswa kuwahi boti. Boti za kasi zilizoenea kuanzia miaka ya 1990 zimezoea kuondoka kati ya asubuhi na alasiri, hivyo aliyetoka Msamvu saa sita mchana akakutana na foleni ya Kimara, njiani kuelekea mjini, alijua atalala Dar es Salaam.

Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka 2016, yalipunguza adha hiyo kwa kupita njia yao wenyewe kutoka Kimara hadi Kivukoni. Hapo pana jambo linalowapoteza wageni hadi leo. Mtu akisema "Feri" jijini, wenyeji huelewa Magogoni, penye soko la samaki na kivuko cha Kigamboni. Boti za Zanzibar ziko mbele kidogo, Barabara ya Sokoine, karibu na Kanisa la Mtakatifu Yosefu. Aliyeelekezwa vibaya hujikuta ng'ambo ya Kigamboni.

Anayetua kwa ndege Dar es Salaam naye ana kipande chake. Uwanja wa Julius Nyerere uko kilomita 12 hivi kutoka katikati ya jiji, na barabara yake ilijulikana kwa kukwama pale TAZARA mpaka daraja la juu la Mfugale lilipofunguliwa mwaka 2018. Bado msafiri wa bandarini hutegemea teksi, bajaji au daladala. Awamu ya tatu ya mwendokasi ilipangwa kupita Barabara hiyo ya Nyerere hadi Gongo la Mboto.

Tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, kwa muda wa saa mbili hivi. Stesheni yake ya Dar es Salaam, yenye umbo la jiwe la tanzanite, imejengwa jirani na ile kongwe ya Wajerumani, na boti ziko karibu tena. Safari hii umbali umehamia upande wa pili. Stesheni mpya ya Morogoro iko pembeni mwa mji, na abiria wa Msamvu huanza safari yake ya Unguja kwa kutafuta bodaboda.