Ruta na malori: Jinsi njia inavyobadilishwa safari ikiendelea

DEREVA wa matatu anayetoka Thika kuelekea katikati ya jiji la Nairobi hahitaji kufundishwa maana ya kubadilisha njia. Akipashwa habari na mwenzake kwamba magari yamekwama Muthaiga, hukata kona mapema na kuingia njia za panya. Kazi iyo hiyo hufanywa usiku na mchana na ruta, yaani mashine zinazoelekeza data kutoka mtandao mmoja wa tarakilishi hadi mwingine. Upangaji njia wa aina hii ni kinyume cha ule wa kudumu, ambapo mhandisi huandika njia kwa mkono nayo ikabaki vivyo hivyo hata waya ukikatika.

Barua pepe haisafiri ikiwa nzima. Hugawanywa katika vifurushi vidogo, kila kimoja kikibeba anwani ya kiendako. Ruta haiijui safari yote. Huitazama anwani, hulisoma jedwali lake, kisha hukikabidhi kifurushi kwa jirani anayefaa. Suala zito ni jinsi jedwali hilo linavyojazwa.

Mbinu ya kwanza ni ya kuulizana habari. Katika itifaki ya RIP, kila baada ya sekunde 30 ruta huwatangazia majirani wake maeneo inayoyafikia na idadi ya hatua za kuyafikia. Ni mbinu nyepesi, lakini ina kasoro ya uvumi wa kijijini. Tuseme ruta ya pili hupitia kwa ya kwanza kufika mahali fulani, na waya wa ile ya kwanza ukatike. Ya kwanza yaweza kumsikia jirani akidai kwamba anafika huko kwa hatua mbili, isitambue kwamba hatua hizo zapitia kwake yenyewe. Itaandika tatu, jirani ataandika nne, na hesabu itapanda huku vifurushi vikizungushwa baina yao. Ndiposa RIP iliwekewa kikomo cha hatua 15. Ya 16 humaanisha kwamba mahali hapo hapafikiki.

Mbinu ya pili ni ya ramani. Kila ruta hutangaza hali ya nyaya zake tu, tangazo likaenezwa kote, na kila moja ikajichorea ramani nzima. Kisha hutumia kanuni iliyochapishwa mwaka 1959 na Mholanzi Edsger Dijkstra kutafuta njia fupi. Itifaki ya OSPF, inayotumika hadi leo, hufuata mtindo huu.

Hata hivyo, wepesi wa kubadilika una madhara yake. ARPANET, mtandao wa Marekani ulioanza 1969 na kuizaa intaneti, ulianza mwaka 1979 kupima ucheleweshaji katika kila waya na kuikimbia iliyosongamana. Msongamano ulipozidi, ruta zote zilikimbilia waya uliokuwa mtupu. Huo ukajaa, zikarudi zote kule zilikotoka. Mnamo 1987 kipimo kilirekebishwa ili gharama ya waya isipande wala kushuka kwa ghafla. Yeyote aliyewahi kuelekezwa na simu kwenye barabara ndogo, akawakuta huko wenzake walioelekezwa vivyo hivyo, ameyaona maradhi hayo kwa macho yake.

Baina ya kampuni na kampuni, mambo hugeuka. Itifaki ya BGP haitafuti njia fupi pekee. Huzingatia kwanza nani ana mkataba na nani. Wakenya walilijua hilo mapema. Kabla ya kituo cha KIXP cha kubadilishana data kufunguliwa Nairobi mwishoni mwa 2000, barua kutoka ofisi moja hadi jirani yake aliyehudumiwa na kampuni nyingine ilipitia ng'ambo kwa setilaiti. Muda si mrefu kituo kilifungwa baada ya Telkom Kenya kulalamika kwamba kilikiuka haki yake ya kipekee, na hakikurejea hadi Februari 2002. Ruta zilikuwa tayari. Sheria ndiyo iliyofunga barabara.

BGP pia huamini inachoambiwa. Februari 24, 2008, kampuni ya simu ya Pakistan, ikijaribu kuzuia YouTube nchini humo, ilitangaza njia ya uongo iliyovuka mipaka. Kwa takriban saa mbili, data ya YouTube kutoka pembe nyingi za dunia ilivutwa Pakistan na kupotelea huko.

Kwa magari, hesabu ni ngumu zaidi. George Dantzig na John Ramser waliiandika mwaka 1959 wakishughulikia malori ya kusambaza petroli. Vituo 10 vyaweza kupangwa kwa mifuatano 3,628,800. Vituo 15, zaidi ya trilioni moja. Hakuna tarakilishi ya ofisi inayoipima yote. Programu huanza na mpango unaoridhisha, kisha huhamisha kituo hiki na kile maadamu gharama inapungua. Oda mpya ikiingia au barabara ikifungwa, hesabu hufanywa upya kwa vituo vilivyosalia tu, kuanzia pale gari lilipo kwa mujibu wa GPS.

Lakini gari si kifurushi. Data ikipotea hutumwa tena. Maziwa yakichacha hayatumwi tena. Dereva naye huchoka, na mpango unaobadilishwa kila dakika humchosha zaidi. Kwa sababu hiyo baadhi ya wasimamizi hufunga vituo viwili au vitatu vya mbele visiguswe.

Isitoshe, ruta haijengi barabara. Mikonga ya EASSy na Seacom ilipokatika baharini Mei 12, 2024, data ilihamishiwa mikonga mingine, lakini intaneti ya Afrika Mashariki ilizorota kwa kuwa nafasi iliyobaki ilikuwa finyu. Vivyo hivyo kwa lori la kutoka bandari ya Mombasa hadi Malaba: pale ambapo barabara kuu ni moja, programu haina la kubadilisha ila saa ya kuondoka.