Daraja la Rufiji: Mto, Pantoni na Lahaja

Kabla ya mwaka 2003, msafiri aliyetoka Dar es Salaam kwenda Kilwa, Lindi au Mtwara kwa barabara ya pwani alifika kwenye kivuko cha Ndundu akasimama. Mbele yake ulikuwapo Mto Rufiji. Nyuma yake, magari yakingoja pantoni. Masika yalipoingia mto ulifurika, barabara ikawa tope, na mikoa ya kusini ikabaki kama kisiwa. Mwenye haraka alipanda meli, au alizunguka kupitia Songea.

Daraja lililofunguliwa mwaka huo, lenye urefu wa takriban mita 970, lilipewa jina la Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Masasi, yaani wa upande uliokuwa ukingoja. Hata hivyo, kipande cha Ndundu hadi Somanga, yapata kilomita 60, kilikaa miaka mingi bila kukamilika lami.

Msamiati wa kuvuka nao una historia yake. Ulalo, litokanalo na kitenzi lala, ni gogo lililolazwa juu ya kijito. Kwa Rufiji halikufaa kitu. Kivuko ni zao la vuka. Pantoni limetoka Kiingereza pamoja na chombo chenyewe. Daraja ni la Kiarabu, lakini huko maana yake ni kipandio cha ngazi, au cheo. Mwarabu avukaye mto hutaja jisr. Kiswahili kilihifadhi maana ya cheo, kikaongeza ya kuvukia.

Wataalamu wa lahaja huiweka Kimrima kaskazini ya delta ya Rufiji, na Kimgao kuanzia pande za Kilwa kwenda kusini. Ni kosa kuudhania mto peke yake kuwa ndio uliozitenga. Majahazi yaliunganisha Kilwa na Unguja karne nyingi, na bahari haikujali masika ya Rufiji. Lililozuiwa na mto ni mwendo wa nchi kavu: wa mwalimu, mchuuzi, mwanafunzi na gazeti. Mwendo huo sasa ni wa kila siku, na basi litokalo Dar es Salaam alfajiri hufika Mtwara siku hiyo hiyo, likiwa na Kiswahili cha jijini ndani yake. Kimgao, ambacho hakikuwahi kuandikiwa kiasi cha Kiunguja au Kimvita, kimesalia zaidi vinywani mwa wazee, na kazi ya kukirekodi ingali changa.