Kinga ya Kichanga Huanzia kwa Mama: Historia ya Chanjo Ambayo Nyeri Bado Inaisubiri

Mfugaji wa Mukurweini au Othaya anayekamua ng'ombe wa gredi alfajiri anamjua adui huyu, hata kama hajawahi kulisikia jina lake. Kabla ya kujaza ndoo, hukamulia matone ya kwanza katika kikombe chenye uso mweusi aone kama maziwa yana mabonge. Akiyaona, au akikuta kiwele kimevimba na kina joto, humwita daktari wa mifugo, na maziwa hayo hayaendi kwenye ushirika. Mmoja wa bakteria wanaoleta ugonjwa huo ni Streptococcus agalactiae. Madaktari wa binadamu humwita streptokokasi kundi B, na wanamjua kwa ubaya mwingine: huua watoto wachanga katika siku na wiki zao za kwanza.

Koo za bakteria huyu ni nyingi, na zile zinazosumbua ng'ombe kwa kawaida si zile zinazoua watoto. Hata hivyo historia yao ni moja. Ilianzia zizini, ikapita maabara, ikafika wodi ya uzazi, na haijakamilika. Mwaka 2020 Baraza la Afya Duniani lilipopitisha mpango wa kuushinda ugonjwa wa homa ya uti wa mgongo ifikapo 2030, liliwataja bakteria wanne wanaoongoza kwa kuusababisha. Watatu kati yao tayari wana chanjo. Wa nne, streptokokasi kundi B, hana.

Alianza kama ugonjwa wa mifugo

Mwaka 1887 madaktari wawili wa mifugo wa Ufaransa, Nocard na Mollereau, walimweleza kuwa chanzo cha ugonjwa wa kiwele unaoambukizwa kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine. Kwa karibu nusu karne aliachwa hapo, tatizo la maziwa tu.

Mwanzoni mwa kipindi hicho eneo la Mlima Kenya halikuwa na hospitali za kisasa. Wamisionari wa Consolata walifika Tuthu, Murang'a, mwaka 1902, na mwaka uliofuata wakaingia Nyeri. Waskoti walianzisha misheni ya Tumutumu, karibu na Karatina, mwaka 1908. Upande wa mashariki wa mlima, Dkt. Clive Irvine alianza kazi Chogoria mwaka 1922. Huko Mathari ya Wakonsolata mjini Nyeri, Tumutumu na Chogoria ndiko wanawake wengi wa mlimani walikoanza kuzoea kujifungulia wodini badala ya nyumbani kwa mkunga wa kijiji.

Miaka hiyo hiyo, katika Taasisi ya Rockefeller jijini New York, Rebecca Lancefield alikuwa akiwapanga streptokokasi katika makundi kwa kutumia kemia ya kuta zao. Mwaka 1933 alichapisha mpango wake wa makundi ya herufi, na yule wa ng'ombe akaangukia kundi B. Miaka miwili baadaye, yeye na Ronald Hare walimkuta kundi B katika njia ya uzazi ya wanawake waliokuwa wamejifungua. Wengi wao hawakuwa wagonjwa. Mwaka 1938 Mwingereza R. M. Fry alieleza habari za wanawake watatu waliofariki baada ya kujifungua kwa sababu ya bakteria huyo. Onyo lilikuwa limetolewa, lakini wachache walilitilia maanani.

Katika Mkoa wa Kati, Mpango wa Swynnerton wa 1954 uliwafungulia wakulima Waafrika njia ya kupanda kahawa na kufuga ng'ombe wa gredi. Maziwa yakawa uchumi wa Nyeri, na ugonjwa wa kiwele ukawa hasara ya kila boma. Upande wa kaskazini wa mlima, watafiti wamemkuta Streptococcus agalactiae kwenye viwele vya ngamia wa Isiolo pia. Kwa hiyo wataalamu wetu wa mifugo wamemjua kwa miaka mingi. Wodi ya watoto wachanga ndiyo iliyochelewa kumtambua.

Siri ilikuwa katika damu ya mama

Kuanzia miaka ya 1960, na hasa 1970, hospitali za Marekani zilianza kuona watoto waliozaliwa wakiwa wazima wakibadilika ghafla baada ya saa chache. Mtoto anakataa ziwa, anapumua kwa shida, mwili unachemka au unapoa kuliko kawaida. Katika taarifa za mwanzo, hadi nusu ya waliougua walifariki. Waliopona homa ya uti wa mgongo, baadhi yao walibaki na ulemavu wa kusikia, kuona au akili.

Kitendawili kilikuwa hiki: wanawake wengi hubeba bakteria huyu katika utumbo na njia ya uzazi bila kuumwa, na wengi wa watoto wao huzaliwa salama. Kwa nini basi huyu augue na yule asiugue?

Jibu lilitoka mwaka 1976. Carol Baker na Dennis Kasper walionyesha kuwa watoto walioambukizwa aina ya III ya kundi B walikuwa wamezaliwa na mama wenye kingamwili chache mno dhidi ya ganda la sukari linalomfunika bakteria huyo. Mama mwenye kingamwili za kutosha humpitishia mtoto kupitia kondo la nyuma, zaidi katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito. Mtoto huzaliwa na ngao aliyotengenezewa na mama yake. Anayezaliwa kabla ya wakati huondoka tumboni ngao hiyo ikiwa haijakamilika, na mama anayeishi na virusi vya UKIMWI huwa na kinga pungufu ya kumpa mwanawe.

Ugunduzi huo ulionyesha dawa iko wapi. Mtoto akishazaliwa hakuna muda wa kumchanja na kusubiri, maana ugonjwa wa mapema huja katika siku sita za kwanza. Anayepaswa kuchanjwa ni mama. Mwaka 1988 Baker na wenzake walichapisha matokeo ya kuwachanja wajawazito 40. Chanjo haikuwadhuru, lakini ni karibu 6 tu kati ya 10 waliotengeneza kingamwili vizuri. Njia ilikuwa sahihi, ila chanjo yenyewe ilikuwa dhaifu.

Nchi tajiri zikachukua njia nyingine. Utafiti wa 1986 ulikuwa umeonyesha kuwa mama akipewa ampisilini kwenye mshipa wakati wa uchungu, mtoto hukingwa. Marekani ilitoa mwongozo mwaka 1996, na mwaka 2002 ikaagiza kila mjamzito apimwe kuelekea mwisho wa mimba. Ugonjwa wa siku za mwanzo ulipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Lakini dawa hiyo haizuii ugonjwa unaokuja baada ya wiki ya kwanza hadi karibu miezi mitatu, wala haimwokoi mtoto anayefia tumboni kabla ya uchungu kuanza. Tena inahitaji maabara, na mama awahi hospitalini saa kadhaa kabla ya kujifungua. Anayeshuka milima ya Tetu kwa bodaboda usiku, chupa ikiwa imeshavunjika, hana saa hizo.

Kilifi walihesabu

Kwa muda mrefu iliaminika kuwa kundi B ni ugonjwa wa Ulaya na Marekani. Waliovunja dhana hiyo ni watafiti wa Kilifi, katika kituo cha KEMRI na Wellcome. Mwaka 2005 James Berkley na wenzake walichapisha matokeo ya kuotesha damu ya maelfu ya watoto waliolazwa huko. Kwa walio chini ya siku 60, streptokokasi kundi B alikuwa miongoni mwa bakteria wawili walioongoza. Mwaka 2016 Anna Seale na wenzake walitoa matokeo ya wajawazito karibu 8,000 wa Pwani: asilimia 12 walikuwa wamembeba. Walimkuta pia kwa watoto waliozaliwa wakiwa wafu, jambo ambalo takwimu za hospitali zilikuwa hazilioni.

Kilifi walimwona kwa sababu walimtafuta. Kwingineko, mtoto mchanga anayeletwa na dalili za maambukizi katika hospitali ya kaunti huanzishiwa penisilini na gentamisini, kama miongozo ya nchi inavyoelekeza. Ni tiba sahihi, na kundi B huisikia penisilini. Lakini pasipo kuotesha damu, jina la adui haliandikwi. Akifariki, faili husema "maambukizi", na cucu (nyanya) aliyekuja na njahi za kumlisha mama mzazi hurudi nyumbani bila maelezo.

Hesabu ya dunia nzima ilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021: wajawazito karibu milioni 20 hubeba bakteria huyu kila mwaka. Watoto wachanga wapatao 91,000 hufariki, wengine 46,000 huzaliwa wafu, na zaidi ya nusu milioni huzaliwa kabla ya wakati. Karibu nusu ya mzigo huo umebebwa na Afrika kusini mwa Sahara.

Chanjo zilizotangulia na somo la 2014

Kenya haianzi na mikono mitupu. Mpango wa taifa wa chanjo ulizinduliwa mwaka 1980. Mwaka 2001 ikaja chanjo ya Hib, mmoja wa wale bakteria wanne wa uti wa mgongo, ndani ya sindano ya magonjwa matano, na ugonjwa huo ukaporomoka Kilifi. Februari 2011 Rais Mwai Kibaki, mwana wa Othaya, alihudhuria hafla ya Nairobi ambapo watoto wa Kenya walipata chanjo ya nimokokasi. Chanjo zote mbili zimetengenezwa kwa kuunganisha sukari ya ganda la bakteria na protini, ili mwili uitambue kwa nguvu. Hiyo ndiyo mbinu iliyokosekana mwaka 1988, na ndiyo inayotumiwa sasa kwa kundi B.

Kumchanja mjamzito nako si jambo geni mlimani. Vizazi vya wanawake vimepata sindano ya pepopunda kliniki, ikaandikwa kwenye kitabu cha mama na mtoto. Lakini mwaka 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini walidai kuwa kampeni ya pepopunda ilikuwa na homoni ya kuzuia uzazi. Wizara ya Afya, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha vikali, na suala likafika katika kamati ya Bunge. Katika eneo kama Nyeri, ambako kanisa ndilo lililojenga wodi nyingi za kwanza, neno la askofu huingia jikoni haraka kuliko waraka wa wizara.

Chanjo ya kundi B iko karibu kuliko ilivyowahi kuwa. Mwaka 2023 Shabir Madhi na wenzake walichapisha matokeo ya chanjo ya Pfizer dhidi ya aina sita za bakteria huyu, iliyojaribiwa kwa wajawazito wa Afrika Kusini. Kingamwili zilivuka hadi kwa watoto. Kampuni ya MinervaX ya Denmark nayo imejaribu chanjo ya protini, na Uganda imekuwa mojawapo ya nchi za majaribio hayo. Kwa kuwa kuthibitisha kinga moja kwa moja kungehitaji makumi ya maelfu ya wajawazito, watafiti wanapima kiwango cha kingamwili kinachotosha kumlinda mtoto. Hadi makala haya yanapoandikwa, hakuna iliyoidhinishwa.

Itakapoidhinishwa, kuchelewa kwetu hakutakuwa kosa la sayansi. Kaunti za Nyeri, Kirinyaga, Meru, Tharaka Nithi na Laikipia zina kazi ya kufanya sasa: kuziwezesha maabara za hospitali kuu kuotesha damu ya vichanga, ili tujue ukubwa wa tatizo letu wenyewe, na kuketi na makanisa mapema, kabla ya sindano kufika, wala si baada ya uvumi kuenea. Na mama mjamzito asisubiri chanjo. Ahudhurie kliniki, awahi hospitali chupa ikivunjika au akipata homa, na mtoto anayekataa ziwa au kupumua kwa kukoroma apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Penisilini ipo, na huokoa mtoto aliyewahishwa.