Habari za Shule za Kigali Katika Siku za Korona

Mgonjwa wa kwanza wa maradhi ya korona nchini Rwanda alitangazwa siku ya Jumamosi, tarehe 14 Machi 2020, katika mwezi wa Rajabu 1441. Siku ile ile ikatoka amri kwamba nyumba zote za ibada zifungwe kuanzia kesho yake, na shule zote zifungwe kuanzia Jumatatu ya tarehe 16. Wanafunzi wa bweni wakarudishwa makwao kwa mafungu. Ijumaa iliyofuata ikapita Nyamirambo bila khutuba, na Msikiti wa Al-Fat-h, ambao asili yake ni mwaka 1913, ukabaki umefungwa pamoja na mingine yote. Kisha, usiku wa tarehe 21, watu wakaamriwa wasitoke majumbani ila kwa haja isiyoepukika, na hali hiyo ikadumu mpaka mwanzoni mwa Mei.

Kwa mji wa Kigali kufungwa kwa shule halikuwa jambo dogo, na kwa Waislamu wa mji huo lilikuwa na uchungu wake wa pekee. Katika zama za Wabelgiji shule zilikuwa mikononi mwa misheni, na mzazi wa Kiislamu aliyetaka mwanawe asome mara nyingi alikuwa na njia mbili tu: kumwandikisha kwa jina la kubatizwa, au kumweka nyumbani. Ndiyo sababu watu wengi wa Biryogo, mtaa uliofanywa kambi ya Waswahili na wakoloni, walishika biashara, udereva na ufundi wa mikono. Waliopata kusoma katika jamii hiyo walipata kwa taabu, na baadhi ya wajukuu wao ndio waliokuwa katika madarasa ya sekondari ilipofika 2020. Tangu mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, kengele za shule zote za nchi hazikuwahi kunyamaza pamoja kwa muda mrefu namna ile.

Mwanzoni ilidhaniwa kuwa ni kitu cha majuma machache. Bodi ya Elimu na Shirika la Utangazaji wakaanza kutoa masomo kwa redio na kwa televisheni, na masomo mengine yakawekwa katika intaneti. Kwa mtoto wa darasa la chini redio ilikuwa na faida, maana somo lake ni fupi na mwalimu mmoja aweza kusema na watoto wa nchi nzima. Lakini ratiba ya sekondari haikubali kuingizwa katika redio. Shule ya sekondari ina miaka sita, na kila mwaka una hesabu, fizikia, kemia, lugha na historia. Tena katika miaka mitatu ya mwisho kila mwanafunzi wakati ule alikuwa na mchanganuo wake wa masomo. Redio ni moja na saa za mchana ni chache. Ama intaneti, ilimfaa yule ambaye baba yake alikuwa na simu nzuri na fedha za kuijaza, na katika siku zile ambazo maduka yalifungwa na magari hayakutembea, fedha hizo ndizo zilizokosekana kwanza.

Ramadhani ya mwaka ule ilianza mwishoni mwa Aprili, watu wakiwa wamefungiwa, na tarawehe zikasaliwa nyumbani. Kuanzia tarehe 4 Mei watu wakaruhusiwa kutoka mchana, lakini si baada ya saa mbili usiku wala kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Idi ya tarehe 24 Mei nayo ikasaliwa majumbani. Katikati ya Julai nyumba za ibada zikaanza kufunguliwa kwa masharti, lakini shule bado. Serikali ilikuwa imeanza kujenga madarasa mapya, hesabu yake 22,505, ili kupunguza msongamano. Maana kabla ya maradhi watoto walikaa wamebanana katika dawati moja, na kuwatenganisha kwa mita moja kulihitaji nafasi ambayo haikuwapo.

Hatimaye, chini ya Waziri wa Elimu Dakta Valentine Uwamariya, ratiba ya kurudi ikatoka, na hapa ndipo penye jambo la kuangaliwa kwa makini. Shule hazikufunguliwa zote kwa siku moja. Tarehe 2 Novemba 2020, siku chache tu baada ya Maulidi ya Mfunguo Sita, walirudi wanafunzi wa mwaka wa tatu, wa tano na wa sita wa sekondari, pamoja na madarasa mawili ya juu ya msingi. Tarehe 23 Novemba wakafuata wa mwaka wa kwanza, wa pili na wa nne. Mpango huu ulikuwa wa busara. Wenye mitihani ya taifa walitangulizwa, na katika zile siku ishirini na moja shule zilikuwa na wanafunzi pungufu, zikapata kujaribu namna ya kuwapanga madarasani, kunawa mikono langoni na kuvaa barakoa tangu asubuhi hadi jioni, kabla wenzao hawajaingia. Wala haikuwa mwaka mpya wa masomo. Masomo yaliyoanza Januari yaliendelezwa pale yalipokatikia, na muhula wa pili ndio uliofunguliwa, baada ya kungojewa kwa zaidi ya miezi saba.

Hata hivyo kila safu ina mkia wake. Watoto wa shule za chekechea na wa madarasa matatu ya mwanzo waliambiwa wangoje mpaka tarehe 18 Januari 2021. Waliokuwa wakijifunza kusoma ndio waliokaa muda mrefu kuliko wote bila mwalimu, na hao hawana mtihani wa kuwasemea.

Tena Kigali ikapata pigo lake peke yake. Maradhi yalizidi mjini, na tarehe 17 Januari, siku moja tu kabla ya wale wadogo kurejea, ikatangazwa kuwa shule zote za mji zisimame. Tarehe 19 mji mzima ukafungwa, ukafunguliwa baada ya majuma matatu, lakini shule hazikufunguliwa ila tarehe 23 Februari. Wanafunzi wa bweni waliachwa wabaki shuleni. Walioumia ni wa kutwa, yaani wale waendao kwa miguu asubuhi na kurudi jioni, na watoto wengi wa Nyamirambo ni wa namna hiyo. Majuma matano yalitoka katika ratiba yao, na mtihani uliowangoja ulikuwa ule ule uliowangoja wenzao wa mikoani ambao hawakusimama. Hilo halikuwa kosa la mtu, kwani maradhi hayakuenea sawasawa; lakini mwanafunzi wa mwaka wa sita aliyekosa majuma hayo aliyakosa kweli, na hapana cheti kinachoandika sababu.

Mitihani ya sekondari ikaangukia juma la tarehe 20 Julai 2021, nalo ndilo juma la Idi ya kuchinja. Kigali na wilaya nane zilikuwa zimefungwa tena tangu tarehe 17. Mitihani haikuahirishwa. Katika mji usio na sala ya Idi uwanjani wala wageni wa kutembeleana, watoto wenye mitihani waliruhusiwa kupita njiani kwenda kuketi mbele ya karatasi zao. Wazazi wengi wangependa siku nyingine. Lakini baada ya mwaka mmoja na nusu wa ahadi zilizosogezwa, kuiahirisha tena mitihani ile kungekuwa kuwadhulumu waliokwisha kungoja mno.

Mwaka mpya wa masomo ukafunguliwa tarehe 11 Oktoba 2021. Zamani mwaka wa shule Rwanda ulianza Januari na kwisha Novemba. Baada ya korona mwanzo wake ukahamia Septemba au Oktoba na mwisho wake Julai, na hesabu ya zamani haikurejeshwa. Saa nazo hazikukaa. Kwa uamuzi wa Baraza la Mawaziri la tarehe 11 Novemba 2022, tangu Januari 2023 masomo huanza saa mbili na nusu asubuhi na kwisha saa kumi na moja jioni, ili watoto wapate usingizi na wazazi wapate kuwaandaa. Hilo si tunda la maradhi, lakini liliwakuta watu ambao walikwisha kuzoea kwamba ratiba yaweza kubadilishwa. Alasiri sasa huingia mwanafunzi akiwa darasani. Na kwa kuwa Kigali iko karibu na Ikweta, jua huzama yapata saa kumi na mbili mwaka mzima, basi baina ya kengele ya mwisho na adhana ya magharibi hubaki kama saa moja hivi kwa njia ya kurudi nyumbani, kwa chakula, na kwa chuo cha Kurani.