Jarida Baada ya Jarida: Mzozo wa Miujiza Boston

Wakristo wa Boston walioikataa imani ya Utatu walikuwa na jarida lao la kisomi tangu 1824, Christian Examiner. Humo ndimo ulimozuka ugomvi wa nyumbani. Novemba 1836 George Ripley, mchungaji wa kanisa la Purchase Street, alihakiki kitabu cha Mwingereza James Martineau, akashikilia kwamba mafundisho ya Yesu hayahitaji miujiza iyashuhudie. Moyo wa binadamu huutambua ukweli wenyewe. Andrews Norton, aliyemfundisha Ripley pale Harvard, hakungoja toleo lijalo. Alimjibu hadharani katika Boston Daily Advertiser, gazeti la habari za kila siku, na mabishano ya wachungaji yakaanza kusomwa na wafanyabiashara.

Norton si mtu wa kubezwa. Alikuwa ameupinga Utatu kwa kalamu yake miaka mingi. Swali lake lilikuwa zito: miujiza ikiondolewa, ni nini kitakachomtofautisha Yesu na mwalimu mwingine yeyote mwema? Ripley hakulimaliza, wala sijaona aliyelimaliza.

Ripley na wenzake wa msimamo huo wakatafuta uwanja wao. Julai 1840 likatoka The Dial, mhariri wake Margaret Fuller, kisha Ralph Waldo Emerson. Kwa muda lilichapishwa na Elizabeth Peabody, mwenye duka la vitabu mtaa wa West Street. Wanunuzi wa kudumu hawakufika 300, na 1844 likafa. Lakini toleo la Januari mwaka huo lilibeba sehemu ya Sutra ya Lotusi, aliyoifasiri Peabody kutoka Kifaransa cha Eugène Burnouf. Buddha akapata kurasa katika jarida la wachungaji na waliouacha uchungaji!

Alichokihofia Norton kilitimia Toledo, Ohio. Huko, 1870, Francis Ellingwood Abbot, aliyekwisha kujitoa katika dhehebu la Norton na Ripley, alianzisha The Index, akatamka wazi kwamba si Mkristo tena. Charles Darwin alimsifu kwa barua, akaruhusu maneno yake yachapwe. Gazeti lilihamia Boston, likafungwa 1886.

Kufikia hapo moto ulikuwa umevuka ua. Chuo cha theolojia cha Andover kiliundwa 1807 kwa kuukimbia uliberali wa Harvard. Mwaka 1884 walimu wake wenyewe wakaanzisha Andover Review, wakaandika kwamba aliyekufa bila kuisikia Injili huenda akapewa nafasi baada ya kifo. Watano walishtakiwa. Egbert Smyth peke yake alitiwa hatiani, 1887. Baadaye hukumu ikatenguliwa, naye akaendelea kufundisha palepale.